Tishu na Tando za Mwili wa Binadamu: Namna Zinavyolishwa, Zinavyougua na Zinavyopona

Katika mazungumzo ya kila siku mwili hugawanywa kwa viungo, yaani moyo, ini, mapafu, figo na vinginevyo, na mgonjwa husemwa kuwa anaumwa moyo au ini, ingawa kila kimoja cha viungo hivyo kimejengwa kwa tishu za namna mbalimbali ambazo haziugui kwa pamoja wala haziponi kwa kasi moja. Tishu ni kundi la seli zenye asili na umbo vinavyokaribiana, pamoja na vitu vinavyozizunguka seli hizo, ambazo zimeungana kutekeleza kazi maalumu. Na utando ni tishu, au muungano wa tishu mbili, iliyotandazwa kuwa tabaka jembamba linalofunika au kutenga sehemu fulani ya mwili. Mhadhara huu unazieleza tishu kuu nne na tando zinazotokana nazo kwa kushikilia hoja moja: anayetaka kujua kwa nini jeraha moja hupona kwa wiki moja na jingine haliponi kamwe, au kwa nini ugonjwa mmoja huuma mapema na mwingine hukaa kimya kwa miaka, hana budi kuuliza kwanza tishu iliyoathirika hulishwa na nini, na seli zake zina uwezo gani wa kujigawa upya.

Mtu aliyeufikisha utabibu kwenye swali hilo ni Mfaransa Xavier Bichat, aliyezaliwa mwaka wa 1771 na kufanya kazi katika hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris. Bila kutumia hadubini, chombo ambacho hakukiamini kwa sababu lenzi za wakati wake zilipotosha umbo la vitu, Bichat alipasua maiti nyingi, akachemsha nyama zake, akazikausha, akaziloweka katika maji na katika asidi, kisha akachunguza ni zipi zilizoyeyuka na zipi zilizodumu. Kwa njia hiyo alitenga aina 21 za tishu, akazitangaza katika kitabu chake cha anatomia ya jumla cha mwaka wa 1801, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na umri wa miaka 30. Lililo kubwa katika kazi yake si idadi hiyo, ambayo wataalamu wa baadaye waliipunguza, bali utambuzi wake kwamba utando unaozunguka moyo na utando unaozunguka matumbo, ingawa viungo vyenyewe viko mbalimbali na kazi zake hazifanani, huvimba na kutoa majimaji kwa namna ileile kwa kuwa ni tishu ya jinsi moja, ilhali msuli wa moyo ulio chini ya utando huo unaweza kubaki mzima kabisa. Baada yake Theodor Schwann alionyesha mwaka wa 1839 kwamba tishu zote za wanyama zimejengwa kwa seli, na Rudolf Virchow, akifundisha Berlin, alisisitiza mwaka wa 1858 kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Na hapo ndipo zile aina 21 zilipokusanywa katika koo nne zinazofundishwa hadi leo: epithelio, tishu unganishi, tishu ya misuli na tishu ya neva.

Epithelio ni tishu inayofunika nje ya mwili na kutandika ndani ya kila njia na kila uwazi, ikiwemo mishipa ya damu yenyewe, na ndiyo pia iliyojenga tezi zote, kuanzia tezi za jasho hadi kongosho. Seli zake husongamana bila kuachiana nafasi, zikiwa zimekaa juu ya tabaka jembamba sana liitwalo utando wa msingi, ambalo huzitenga na tishu iliyo chini. Mishipa ya damu haivuki utando huo, kwa hiyo epithelio haina damu yake yenyewe, bali chakula na oksijeni huifikia kwa kupenya polepole kutoka chini. Ndiyo sababu mkwaruzo mwepesi wa ngozi hautoi damu mpaka ufikie tabaka la pili, na jambo hilo dogo litakuwa na uzito mkubwa baadaye katika mhadhara huu.

Umbo la seli za epithelio hufuata kazi yake. Katika vifuko vya hewa vya mapafu seli ni bapa na zimepangwa safu moja tu, hata umbali kati ya hewa na damu, ukijumlisha na ukuta wa mshipa, haufiki mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na oksijeni huuvuka kwa kufumba na kufumbua. Katika mirija ya figo seli huwa za mchemraba, na katika utumbo mwembamba huwa ndefu, zikiwa na vinyweleo vidogo sana kwenye ncha zake vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula. Katika njia ya hewa seli ndefu kama hizo zina vinyweleo vinavyocheza kwa mpangilio na kusukuma ute, pamoja na vumbi lililonaswa humo, kuelekea kooni. Moshi wa sigara huvilemaza, na hapo kikohozi pekee hubaki kufanya kazi hiyo. Mahali penye msuguano, kama ngozi, kinywa, umio na uke, epithelio huwa na matabaka mengi, ambapo seli za chini hujigawa na kuzisukuma juu zile zilizotangulia, mpaka zinapobanduka.

Kujigawa huku hakuna mapumziko. Epithelio ya utumbo mwembamba hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, na ile ya ngozi hukamilisha mzunguko wake kwa muda unaokaribia mwezi mmoja, kwa sababu tishu inayosuguliwa na kuunguzwa na asidi mchana na usiku isingedumu kwa njia nyingine. Manufaa yake yanaonekana katika vidonda vya mdomoni, ambavyo hufunga kwa siku chache. Lakini kila seli inapojigawa hunakili urithi wake wote wa kijenetiki, na kila unakili una nafasi ya kukosewa, tena tishu hii ndiyo inayokutana kwanza na jua, moshi, kemikali na virusi. Matokeo yake ni kwamba saratani nyingi za watu wazima, zikiwemo za matiti, mapafu, tezi dume, umio na mlango wa kizazi, huzaliwa katika epithelio.

Tishu unganishi imepangwa kinyume chake. Hapa seli ziko chache na zimeachana, na nafasi kati yake imejaa nyuzi na vitu vingine vilivyotengenezwa na seli hizohizo, kiasi kwamba sifa ya tishu, iwe ugumu wa mfupa, unyumbukaji wa sikio au umajimaji wa damu, hutokana zaidi na kilichomo kati ya seli kuliko seli zenyewe. Uzi mkuu ni wa kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, ambayo hujengwa kwa minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba ya makumbi, na usokotaji huo hauwi imara bila vitamini C, kwa kuwa kimeng'enya kinachoiandaa minyororo hiyo ishikamane hakifanyi kazi vitamini hiyo inapokosekana.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika historia ya pwani ya Afrika Mashariki yenyewe. Merikebu za Vasco da Gama, ziliporejea kutoka India, zilitumia karibu miezi mitatu kuvuka bahari, kuanzia Oktoba 1498 hadi Januari 1499, kwa kuwa ziling'oa nanga kabla ya kaskazi kushika, na njiani mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa ambao mwandishi wa kumbukumbu za safari hiyo anaueleza kuwa ulivimbisha fizi hadi zikafunika meno na wagonjwa wakashindwa kula. Zilipotia nanga Malindi, mkuu wa msafara alituma mtu nchi kavu kutafuta machungwa ambayo wagonjwa waliyatamani mno. Wakati huo hakuna aliyejua sababu, na hata jaribio la James Lind la mwaka wa 1747, lililoonyesha kwamba mabaharia waliopewa machungwa na malimau walipona mbele ya wenzao, lilisubiri hadi mwaka wa 1795 ndipo jeshi la majini la Uingereza likaanza kugawa maji ya limau kwa mpango. Sababu iko katika tishu: kolajeni ya fizi hubomolewa na kujengwa upya haraka, kwa hiyo ndiyo inayodhoofika kwanza, na makovu ya zamani huweza kufumuka, kwa kuwa kovu nalo ni kolajeni inayohitaji kukarabatiwa maisha yote. Kiseyeye si ugonjwa wa fizi wala wa meno. Ni ugonjwa wa tishu unganishi popote ilipo, na fizi ni mahali unapoonekana mapema.

Katika ukoo huu huu wamo jamaa ambao kwa macho hawafanani kabisa. Mafuta huhifadhi nishati na kuzikinga figo na mboni ya jicho. Kano huunganisha msuli na mfupa, na ligamenti huunganisha mfupa na mfupa, nazo zote mbili zina damu kidogo, ndiyo maana mguu ulioteguka vibaya unaweza kusumbua kwa muda mrefu kuliko uliovunjika. Gegedu, ile tishu laini na imara inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio, haina mshipa wa damu hata mmoja kwa mtu mzima. Hulishwa na majimaji ya maungio, ambayo husukumwa ndani na nje yake kila mtu anapotembea au kukunja goti, na kwa hiyo maungio yasiyotumika hudhoofika, na gegedu iliyokatika au kulika haioti tena ilivyokuwa. Mfupa, kinyume cha wengi wanavyoudhani kuwa kitu kikavu, umejaa mishipa ya damu na seli hai, na ukivunjika hujenga mfupa halisi badala ya kovu, mara nyingi ndani ya wiki 6 hadi 12. Ukweli huo unapaswa kukumbukwa na kila anayefunga banzi, awe hospitalini au kwa mganga wa mifupa kijijini, kwamba anachokiunga ni tishu inayotegemea damu, na banzi likikazwa mpaka vidole vikafa ganzi na kupoa, kinachopotea si mfupa tu bali mguu mzima.

Damu nayo huhesabiwa kuwa tishu unganishi, kwa kuwa seli zake zinaelea katika giligili iitwayo plazima na asili yake ni uboho ulio ndani ya mifupa. Seli nyekundu, ambazo hazina kiini, huishi takriban siku 120 kisha hubadilishwa. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao, seli hizo hujikunja umbo la mundu, huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na huziba mishipa midogo. Maumivu makali ya mifupa wanayoyapata watoto hao ni kilio cha tishu zilizokatiwa oksijeni, wala si udhaifu wa tabia wala deko, na inasikitisha kwamba bado wapo wazazi na walimu wanaoyachukulia hivyo.

Tishu ya misuli ina aina tatu. Misuli ya mifupa hutii amri ya mtu na ina seli za akiba zinazoiwezesha kujikarabati kwa kiasi. Msuli wa moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku bila kuamriwa, lakini seli zake karibu hazijigawi tena kwa mtu mzima, kwa hiyo sehemu iliyokufa kwa kukosa damu hujazwa na kovu lisiloweza kusukuma chochote. Misuli laini imo katika kuta za utumbo, mishipa ya damu na mfuko wa uzazi, na hiyo ya mfuko wa uzazi inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa nyuzi zake zimepishana kuizunguka mishipa iliyolisha kondo la nyuma, na baada ya mtoto kuzaliwa huibana mishipa hiyo hadi ikafunga. Zisipojibana, mama hupoteza damu nyingi kwa dakika chache, na ndiyo sababu sindano ya oksitosini, inayoifanya misuli hiyo ijikaze, hutolewa mara tu mtoto anapotoka.

Tishu ya neva ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote. Ubongo una uzito unaokaribia asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, na ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu seli zake huanza kufa bila kubadilishwa, kwa kuwa neva nyingi hudumu na mtu tangu utotoni hadi mwisho. Seli moja ya neva inaweza kuwa na mkono mrefu unaotoka chini ya mgongo hadi kidole cha mguu, zaidi ya mita moja, na mkono huo ukikatika nje ya ubongo na uti wa mgongo huweza kuota tena kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku, jambo ambalo ndani ya ubongo na uti halitokei kwa kiasi cha kurejesha kazi iliyopotea.

Tando hutokana na tishu hizi kuungana, hasa epithelio ikiwa juu na tishu unganishi ikiwa chini yake. Ngozi ni utando mkavu. Utando wa ute hutandika njia zote zenye mlango wa nje, yaani ya chakula, hewa, mkojo na uzazi, ukilindwa na ute wenye kingamwili. Utando wa sinovia, ambao hauna epithelio halisi, huzungushia maungio na kutoa yale majimaji yanayoilisha gegedu. Lakini tando zilizomvutia Bichat zaidi, na ambazo bado hazieleweki vizuri kwa watu wengi, ni zile za majimaji mepesi, ambazo hufunika viungo vilivyo katika nafasi zisizo na mlango wa nje: pleura inayofunika mapafu, perikadio inayozunguka moyo, na peritonio inayofunika matumbo. Kila mmoja una kuta mbili, mmoja ukigusa kiungo na mwingine ukigusa ukuta wa mwili, na kati yake pana majimaji kidogo sana yanayowezesha kuta hizo kuteleza bila kuchubuana.

Mgonjwa wa kifua kikuu anapojaa maji kifuani, mara nyingi jamaa zake huambiana kwamba mapafu yameingia maji, ilhali maji hayo yako nje ya pafu, kati ya kuta mbili za pleura, na yanalibana pafu lisiweze kutanuka. Tofauti hiyo si ya wasomi peke yao, kwa sababu anayeielewa hataogopa daktari anapotaka kuyatoa kwa sindano, akijua kwamba sindano hailengwi kwenye pafu. Peritonio nayo, ambayo eneo lake likikunjuliwa hukaribia eneo la ngozi yote, hutumika kuwaokoa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa, kwani giligili maalumu huingizwa tumboni, uchafu wa damu hupenya utando huo na kuingia katika giligili, kisha giligili hutolewa. Utando wa mtu mwenyewe hufanya kazi ya chujio.

Hofu kubwa zaidi huzunguka meninjesi, tando tatu zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, ambazo maambukizi yake husababisha homa ya uti wa mgongo. Kati ya tando mbili za ndani hupita giligili ya ubongo, na giligili hiyo ndiyo inayoonyesha kama ugonjwa umeletwa na bakteria, ambao huua haraka, au na virusi. Wapo wanaokataa isichukuliwe wakiamini kwamba sindano ya mgongo hupoozesha, lakini kwa mtu mzima uti wa mgongo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, mahali palipo na giligili na mizizi ya neva inayoelea. Kumchelewesha mgonjwa kwa hofu hiyo kuna madhara makubwa kuliko sindano yenyewe.

Umebaki mpaka mmoja wa tando, mdogo kwa eneo na mkubwa kwa madhara. Kwenye mlango wa kizazi epithelio ya matabaka mengi, inayotoka ukeni, hukutana na epithelio ya safu moja ya seli ndefu, inayotoka ndani, na tangu balehe mpaka huo husogea, seli ndefu zikibadilishwa na zile bapa. Katika eneo hilo la mabadiliko virusi vya papiloma, vinavyojulikana zaidi kwa herufi HPV, hufikia kwa urahisi seli za chini zinazojigawa. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyetunukiwa Nobeli mwaka wa 2008, ndiye aliyeonyesha kwamba virusi hivyo husababisha saratani, na aina mbili, ya 16 na ya 18, huhusika na takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi.

Hapa ndipo ule ukosefu wa damu katika epithelio unapoonyesha pande zake mbili. Maadamu seli zilizobadilika bado ziko juu ya utando wa msingi, hazina mshipa wa kuzisafirisha, kwa hiyo haziwezi kuenea mwilini. Lakini kwa sababu hiyohiyo hazitoi damu wala haziumi, na mwanamke hujiona mzima. Hali hiyo huweza kudumu kwa miaka 10 au zaidi kabla seli hazijauvunja utando wa msingi na kuifikia mishipa iliyo chini, na muda wote huo zinaweza kuonekana kwa kupaka asidi ya siki iliyozimuliwa, ambayo huzigeuza kuwa nyeupe ndani ya dakika moja au zaidi kidogo, kisha zikaondolewa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Anayesubiri maumivu au damu ndipo aende hospitali, anasubiri mpaka nafasi hiyo ipite.

Rwanda ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa nchi nzima mwaka wa 2011, Uganda ikafuata mwaka wa 2015, Tanzania mwaka wa 2018 na Kenya mwaka wa 2019, na Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo mwaka wa 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, na asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na umri wa miaka 35 na tena wakiwa na 45. Kwa hiyo kila mzazi mwenye binti wa umri wa chanjo na ampeleke akachanjwe, na kila mwanamke aliyefikisha miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na virusi vya UKIMWI, aende kituo cha afya akapimwe mlango wa kizazi, hata kama haumwi popote.